Waya wa Damu ya Mzee

Mama yangu mpenzi,

Hilo doa jeusi lililoko juu ya karatasi ni kiganja cha mjukuu wako Shaibu. Sasa hivi tu niligeuka kuchukua kalamu, yeye akatia mkono kwenye kopo la grisi, akaja mbio, akaubandika hapa kabla sijaandika hata neno moja. Kisha akacheka, na kucheka kwake ni kwa meno manne tu. Nilitaka kuichana karatasi nianze upya, nikaona hapana, iende hivi hivi. Hujamwona tangu azaliwe, na huo ndio mkono wake kamili, vidole vyote vitano. Nimemkalisha ndani ya tairi bovu la lori, nimempa kipande cha muhogo, hatoki humo mpaka nimalize.

Shikamoo, mama. Nakusalimu kwa heshima na kwa hamu, wewe na wote walio chini ya paa lako. Mguu unaendeleaje? Ule uvimbe umepungua au bado unaufunga kitambaa na kusema umepona? Ashura, najua ni wewe unayemsomea bibi. Soma polepole. Akikwambia rudia, urudie, usinune.

Mimi ni mzima, nakula, nalala. Baba yake Shaibu bado. Alipoondoka kwenda machimboni alisema mwezi mmoja, na sasa huu ni wa tisa, simu yake haipatikani. Zamani nilikuwa nampigia kila siku. Siku hizi nampigia Ijumaa tu.

Maneno yako uliyomtuma mama mnunuzi wa mikeka yalinifika, tena alinipa neno kwa neno, mpaka sauti yako akaiigiza. Kwamba shangazi yake Ashura anamtaka mtoto, likizo ikifika ampeleke Mtwara akakae naye moja kwa moja. Kwamba mguu wako haukuruhusu tena kumfuata fuata. Na kwamba, "Zuhura kama ana pa kumweka mwanawe aseme, kama hana asiwe kizuizi." Mama, maneno hayo nimekaa nayo mwezi mzima bila kukujibu. Najua ulidhani nimedharau. Sikujibu kwa sababu jibu sikuwa nalo. Jibu langu lilikuwa ndani ya gari bovu. Usinicheke, nitakueleza lote.

Unajua kwamba tulikuja huku Mapinga kulinda kiwanja cha Bi Salama, yule muuguzi mstaafu anayekaa Dar. Nyumba yake haijaisha, sisi tunakaa chumba cha nyuma. Pembeni, chini ya kibanda cha makuti, kuna pikapu ya zamani aliyoiacha marehemu mumewe. Miaka saba haijasogea. Kuku wa watu walikuwa wakitagia kwenye kiti cha dereva.

Baada ya masika Bi Salama alikuja na mpwa wake. Tukasalimiana, akambeba Shaibu, kisha akaniambia kwa upole kwamba aliyeajiriwa kulinda hapa ni mume wangu, na mume wangu hayupo. Mpwa wake akadakia, "Mama mwenye mtoto mdogo atamfukuza mwizi kwa kitu gani? Kwa kanga?" Wameamua kuleta walinzi wa kampuni, na pikapu wataiuza kwa watu wa chuma chakavu. Nikapewa mpaka mwisho wa mwezi nijipange.

Sijui nilipata wapi ulimi. Nikasema, "Bi Salama, na likiwaka?"

"Nini kiwake?"

"Gari la marehemu. Likiwaka bado utaliuza chakavu?"

Mpwa akacheka, akanionyesha mayai matatu kwenye kiti. Lakini Bi Salama hakucheka. Aliliangalia lile gari, akasema yuko fundi mmoja aliyekuwa akilishika enzi za marehemu, Mzee Kombo, siku hizi anakaa kwa binti yake ng'ambo ya barabara. Macho yamemharibikia, kazi haipati tena. "Mkiliamsha wewe na yeye," akasema, "nitawapa kile kibanda cha mbele, barabarani, mfungue kazi ya waya za magari. Chumba utakaa. Msipoliamsha, mwanangu, usinilaumu." Hapo nikajua, mama. Gari likiwaka, Ashura anakuja kwangu. Lisipowaka, anakwenda Mtwara na mimi sijui nakwenda wapi.

Mzee Kombo alikuja kesho yake na fimbo yake. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Anaona mwanga na kivuli cha mtu, lakini rangi haoni kabisa. Baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza, "Una macho wewe?"

"Ninayo, mzee."

"Basi mimi nina mikono. Tukigombana, gari halina fundi."

Tangu siku hiyo haniiti jina. Ananiita Macho. "Macho, lete spana." "Macho, mtoto analia, au ni bawaba ya boneti?"

Injini ilikuwa imeganda. Alitia spana kwenye puli ya chini akavuta ili izunguke, haikusogea hata unywele. Akafungua plagi zote nne, akaniambia nimimine oili kidogo kidogo kwenye kila tundu, tuiache. Kila asubuhi, kabla ya kufagia, naenda kuvuta ile spana. Siku ya nne ikasogea kidogo, kama mlango uliovimba kwa mvua. Nilipiga ukelele mpaka Shaibu akalia. Tukafungua kabureta tukaisugua kwa petroli na mswaki wa zamani. Tukateremsha tangi, nikalisuuza mara sita, na maji yaliyotoka mara ya kwanza ungedhani ni chai ya rangi. Nikaanza kupenda kazi ile. Ukikuta kitu kimeziba ukakizibua, kimezibuka, hakikuulizi umesoma mpaka darasa la ngapi.

Ila waya! Panya walikuwa wamezila zote. Chini ya usukani nilikuta kiota kimejengwa kwa maganda ya waya, rangi rangi, kizuri kweli. Mzee Kombo alikipapasa akasema, "Hawa wamefanya kazi nzuri kuliko fundi aliyenifuata mimi." Ikabidi tusuke waya mpya gari zima. Mpya kwa jina tu, maana zilikuwa waya za mtumba zilizotolewa kwenye magari mengine, rundo kubwa la rangi mchanganyiko. Yeye akaweka sheria yake. Nyekundu zote ni za betri. Damu ya mzee ni ya ethi. Ethi ndio waya unaofungwa kwenye bodi la gari, umeme urudi. Alinieleza hivi: umeme unatoka kwenye betri, unakwenda kufanya kazi, unarudi. Ukikosa njia ya kurudi, haufanyi kazi. Ukirudi kabla haujafanya kazi, unaunguza.

Sasa sikiliza, mama, maana hapa umo na wewe.

Rangi nimefundishwa na wewe, uani, kwenye sufuria za ukindu wa mikeka. Ukindu mwekundu ukiuacha kwenye rangi mpaka ukakolea, ukawa mzito, ndio damu ya mzee. Ile kahawia wewe unaiita maji ya kunde. Mimi sijui rangi nyingine zaidi ya hizo zako. Kwenye lile rundo la waya kulikuwa na nyekundu inayong'aa, na nyekundu iliyokolea, na maji ya kunde. Ile nyekundu iliyokolea, Mzee Kombo mwenyewe alishaifunga kichwa chake upande wa betri, kwa sababu nilipomwambia "hizi mbili zote nyekundu, mzee, ila moja imekolea," alisema nyekundu ni nyekundu.

Siku tuliyokuwa tunamalizia, yeye amelala chini ya gari, akapaza sauti, "Macho! Damu ya mzee ifunge kwenye bodi. Kaza!"

Nikachukua damu ya mzee. Ya kwako, mama. Ile iliyokolea. Nikaifunga mkia wake kwenye bodi, nikakaza kwa nguvu zangu zote, nikajisifu moyoni. Akatoka chini, akagusisha betri. Hatukuhesabu hata moja. Moshi ukafumka chini ya usukani, harufu ya plastiki ikajaa kibanda, waya tulizozifunga kwa majuma mawili zikawa zinayeyuka moja baada ya nyingine. Mzee Kombo aliung'oa waya wa betri kwa mkono mtupu, akaungua kiganja. Mimi nilimkwapua Shaibu nikakimbilia nje.

"Nilikwambia damu ya mzee!"

"Na mimi nimefunga damu ya mzee!"

"Umefunga nyekundu wewe!"

"Nyekundu iliyokolea ndiyo damu ya mzee!"

"Nani kakwambia? Damu ya mzee ni kahawia! Gereji zote ni kahawia!"

"Mama yangu kaniambia, na yeye anatia rangi ukindu tangu hajaolewa!"

"Basi mwite mama yako aje afunge waya!"

Akachukua fimbo yake akaondoka. Alipofika barabarani alisimama kungoja magari yapite, na kwa kawaida mimi ndiye ninayemvusha. Sikwenda. Nilisimama namwangalia, nimenuna, mpaka mwuza madafu akamshika mkono akamvusha. Mama, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko waya zote.

Siku tatu hakuja. Nilikaa nikichambua zile waya zilizoungua, kuona ipi inafaa. Siku tatu hizo sikusema na mtu mzima. Majirani zangu hapa ni kuta. Watu wamenunua viwanja, wamejenga mpaka kwenye madirisha, wakaondoka. Wanakuja Jumapili, wanapima kwa hatua, wanapiga picha, wanaondoka. Ukiwasalimia wanadhani unataka kuomba. Unajua ninachofanya? Nikirudi kisimani napiga hodi kwenye chumba changu mwenyewe, halafu najijibu karibu, ili Shaibu ajue kwamba hodi hujibiwa. Ashura, hapo usicheke, ni malezi hayo.

Nilishaanza kukunja nguo. Jibu lako nilishalitunga kichwani, kwamba shangazi amchukue tu.

Siku ya nne nimekaa ndani namlisha mtoto, nikasikia hodi. Sikuitikia. Nilizoea kwamba anayepiga hodi hapa ni mimi.

"Nyumba hii haina karibu?"

Nikatoka mbio na uji mkononi. Mzee Kombo, kiganja kimefungwa kitambaa. "Shikamoo, mzee. Karibu. Nisamehe."

"Marahaba. Ngoja kwanza niseme nililokuja nalo, lisije likanitoka. Nimemuuliza binti yangu. Kasema damu ya mzee ni nyekundu iliyokolea. Nikamwambia wewe huna akili, nikaenda kwa fundi cherehani. Naye kasema vile vile, tena akanishikisha na kitambaa chenyewe, kama vile nitaiona rangi kwa vidole. Kumbe sisi watu wa gereji ndio tuliokuwa tunakosea, miaka yote, kwa sababu hatukuwa na waya wa rangi hiyo na jina tulilipenda." Akakaa juu ya ndoo. "Haya. Nitajie rangi moja moja kama anavyozitaja mama yako. Nitajifunza mimi. Wewe una mtoto, nafasi huna."

Mama, asubuhi ile nzima nilimkariria kama maalimu wa chuo cha Kurani. Manjano ya bizari. Jani la mgomba. Zambarau. Maji ya kunde. Damu ya mzee. Tui. Namshikisha waya, namtajia, anarudia. Akikosea namwambia, "Mzee, hilo ni jani la mgomba, siyo zambarau," naye ananyoosha kiganja kizima, "Haya nichape, maalimu." Nilicheka mpaka nikaona aibu, kwa sababu kicheko changu nilikuwa nimekisahau sauti yake.

Tukaanza upya. Safari hii kabla ya kukaza nati yoyote nataja rangi kwa sauti, naye anataja inakokwenda, halafu ndio nakaza. Waya zilipotimia nilizisuka njia nne kama unavyosuka ukili wa mkeka, nikazifunga tepu nyeusi. Akazipitisha mkononi kutoka mwanzo mpaka mwisho. Akasema, "Hii sijawahi kuiona." Nikamwambia hata hii hujaiona, mzee. Akacheka yeye.

Alhamisi baada ya adhuhuri tukarudisha betri. Hakuna moshi. Akaniwekea ufunguo mkononi. "Washa wewe. Mimi nataka kusikiliza."

Nilikaa kwenye kile kiti cha kuku. Mara ya kwanza stata ilizunguka, injini haikuitika. Mara ya pili vile vile, na mimi jasho linanitoka namtaja Ashura moyoni, Ashura, Ashura. Mzee akasema nikanyage mafuta kidogo tu, kama ninayempita mtoto aliyelala. Mara ya tatu ikakohoa. Ikakohoa tena. Kikatoka kwenye ekzosi kitu kama nusu kapu la majani makavu na vumbi, kisha injini ikashika. Ikashika, mama! Gari zima likawa linatetemeka na mimi natetemeka ndani yake. Shaibu akapiga makofi. Mzee Kombo alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya boneti, ameinamisha kichwa, akasema, "Silinda ya tatu inachelewa. Lakini ipo." 

Bi Salama alikuja jana. Tuliliwasha alipokuwa bado yuko getini. Akasimama. Hakuja kwenye gari, alikwenda akashika ukuta wa jiko ambalo halijaisha, akasikiliza akiwa huko. Baadaye akasema, "Sauti hii nilikuwa nikiisikia kwenye kona najua nianze kupakua chakula." Mpwa wake akavua miwani, akaizunguka pikapu, akapiga tairi teke. Kibanda cha mbele tumepewa. Chumba changu ataweka dirisha, fundi anakuja wiki hii.

Kwa hiyo jibu langu ndilo hili, mama. Ninapo pa kumweka. Mshukuru sana shangazi yake, umwambie sijakataa kwa kiburi, ila mtoto anakuja kwa mama yake. Shule ipo ng'ambo ya barabara, na mjukuu wa Mzee Kombo anasoma hapo, watavuka pamoja. Likizo ikifika, mama mnunuzi wa mikeka atamshika mkono wapande naye boti hapo kisiwani mpaka bandari ya Nyamisati, nami nitakuwa pale nangoja tangu alfajiri. Na wewe mguu ukipata nafuu umfuate. Njoo ukae hata mwezi. Mzee Kombo ana maswali yake kuhusu rangi ya samawati, nimemwambia hilo siliwezi.

Sitakwambia uongo kwamba nimezoea. Sijazoea. Ziko siku natamani hata mtu wa kunigombeza kwamba nimechoma wali. Lakini sasa ninajua ninachongojea, na hilo linasaidia.

Nisalimie kaka, mwambie mtumbwi wake ukipata mashine aniite mimi. Msalimie jirani yetu anayekuazima sufuria, na maalimu wa chuo, na yule bibi mzaa bibi aliyeninyoosha mgongo nilipojifungua Ashura. Shangazi mpe salamu mbili. Watoto wote wa uani wape pole kwa kusukumwa na Ashura, kwani namjua.

Niombee dua kama mimi ninavyokuombea kila swala. Ni mimi mwanao asiyekusahau,

Zuhura, mama Ashura na Shaibu.

Mzee Kombo ananiita. Imeingia bajaji pale mbele, taa haziwaki, ndiyo mteja wetu wa kwanza, na mwenyewe ana haraka. Nimemwambia naja. Ngoja niseme hili moja. Ashura mwanangu, mistari hii usimsomee bibi, ni yako peke yako. Siku ile bandarini uliponiuliza mama unarudi lini, nikakupa mgongo nikajifanya natafuta mzigo, nawe ukasema mzigo si huu hapa. Niliuona, mwanangu. Sikukupa mgongo kwa sababu sikutaka kukujibu, nilikuwa tu sitaki uyaone machozi yangu.